Ruta ya karavani na motohomu: MiFi, ruta ya volti 12 au setelaiti?

Ukisoma maboksi ya ruta za safarini, kitu cha kwanza kuandikwa kwa herufi kubwa ni kasi: megabiti 150 kwa sekunde, 300, 600, gigabiti nzima. Namba hizo si uongo, ila ukiwa ndani ya karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ni nadra kuzifikia. Kinachoamua kama jioni utaongea na watoto kwa video au utabaki unatazama kiduara kikizunguka ni mambo mawili, na yote huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi: kama kifaa kina tundu la antena ya nje, na kinakubali umeme wa namna gani. Nitaanzia huko.

Kwanza, hilo bati

Karavani nyingi zimevikwa alumini. Motohomu nyingi, yaani gari lenye kitanda na jiko nyuma ya dereva, zimejengwa ndani ya vani ya mizigo ambayo ni chuma kitupu. Chuma huzuia mawimbi ya redio. Zile za faibaglasi hupitisha vizuri zaidi, isipokuwa kama kuta zimewekewa karatasi ya foili ya kukinga joto.

Siku moja nilikaa kwenye ngazi ya mlango, simu mkononi, nikafungua ukurasa unaoonyesha nguvu ya mawimbi ya 4G kwa desibeli (dBm). Nje nilisoma -98. Nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa mezani: -112. Hizi ni namba hasi, kwa hiyo kadiri unavyokwenda mbali na sifuri ndivyo mawimbi yanavyodhoofika, na kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu. Desibeli 14 maana yake pale mezani palikuwa panafika sehemu moja tu kati ya ishirini na tano ya kilichokuwapo mlangoni. Ni mwendo wa hatua nne. Kwa kipimo hicho, -80 ni raha tupu, karibu na -100 mambo yanakwenda, na ukishuka chini ya -110 utahangaika.

Weka hilo kichwani tunapopitia vifaa.

Simu yenyewe

Kama unalala nje mara mbili tatu kwa mwaka, washa hotspoti ya simu na uishie hapo. Huhitaji kununua chochote. Kasoro zake unazijua: betri inaisha haraka, simu inachemka, na ukienda kuoga nayo kila aliyebaki ndani anakosa mtandao. Baadhi ya kampuni za simu pia hubana bando linapogawiwa vifaa vingine, hata kama kwenye simu yenyewe liko wazi. Simu nzuri ya kisasa mara nyingi ina modemu bora kuliko ruta ya bei ya chini, kwa hiyo usishangae simu yako ikiishinda ruta mpya mkiwa nje, kwenye uwanja. Shida ni kwamba simu haina pa kuchomeka antena.

MiFi: kidude cha mfukoni

MiFi ni ruta ndogo yenye betri yake na nafasi ya laini. Hapa kuna ngazi mbili zinazofaa kulinganishwa. Chini kuna vitu kama Huawei E5577: 4G ya daraja la 4, yaani hadi megabiti 150 kwa sekunde kushusha na 50 kupandisha, vifaa kumi kwa wakati mmoja. Juu kuna Netgear Nighthawk M1: 4G ya daraja la 16 inayofika gigabiti moja kimahesabu, betri ya mAh 5040, vifaa ishirini, na tundu la waya wa mtandao ambalo MiFi nyingi hazina. Zote mbili zina matundu mawili madogo ya antena ya nje ya aina ya TS-9.

Hayo matundu ya TS-9 ndiyo yanayoziponza zote. Plagi yake haina skrubu, inabanwa tu kwa kusukumwa, na ukubwa wake haufiki punje ya hindi. Gari likitikisika kilomita mia moja kwenye barabara mbovu, plagi inalegea au inachomoka kabisa. Ikichomoka na kurudishwa mara nyingi, tundu linaachana na bodi. Nimewahi kufungua moja nikakuta kipande cha shaba kinaning'inia. Kwa hiyo M1 ikiwa dirishani bila antena ni kifaa kizuri, na ukiifunga antena ya paa kwa siku chache umepaki mahali pamoja pia inafaa. Sipendekezi iishi na antena hiyo mwaka mzima ikisafiri.

Jambo la pili ni betri. MiFi imeundwa kukaa mfukoni, kuchajiwa na kuchomolewa. Kwenye karavani wengi wetu tunaichomeka chaja ya USB na kuisahau dirishani, juani. Betri ya lithiamu iliyojaa muda wote na kupigwa joto huvimba. Ukiona kifuniko cha nyuma kimeinuka kama chapati inayoumuka, kiondoe hicho kidude ndani ya gari, usijaribu kukibana kirudi. Baadhi ya MiFi hukubali kufanya kazi kwa umeme wa chaja huku betri ikiwa imetolewa, na hilo ni jambo la kuulizia kabla ya kununua. Joto lenyewe pia lina mipaka: vifaa vingi vya mfukoni vimeandikwa nyuzi 0 hadi 35 tu, na gari lililofungwa juani hupita hapo kabla ya saa sita mchana.

Ubora wa MiFi ni kwamba unaondoka nayo. Unaenda matembezi, unaiweka begini, unarudi unaiweka dirishani. Kwa mtu wa wikendi mimi ningechukua MiFi bila kufikiri mara mbili, na ningenunua ya ngazi ya chini.

Ruta ya kufungwa, ya volti 12

Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mabasi, mashine za tiketi na viwanda, halafu watu wa karavani wakazigundua. Jina linalotajwa zaidi ni Teltonika, kampuni ya Lithuania, na mabishano mengi huwa kati ya mbili zake: RUT241 na RUTX11.

RUT241 ni kiboksi cha chuma kinachoenea kiganjani. 4G ya daraja la 4, laini moja, waifai ya gigahezi 2.4 peke yake, matundu mawili ya waya wa mtandao. RUTX11 ni kubwa zaidi: daraja la 6, yaani hadi megabiti 300, nafasi mbili za laini, waifai ya gigahezi 2.4 na 5, matundu manne ya waya, na GPS ndani yake. Ukizitazama kwenye karatasi, ya pili inaipiga ya kwanza kila upande. Barabarani tofauti inapungua sana. Daraja la 6 hupata kasi yake kwa kuunganisha masafa mawili ya mnara kwa pamoja, na huko mashambani mnara mara nyingi unakupa moja tu. Hapo zote mbili zinakimbia sawa.

Nafasi mbili za laini nazo hueleweka vibaya. RUTX11 ina modemu moja, kwa hiyo haichanganyi kampuni mbili za simu kupata kasi ya jumla. Inatumia moja, na hiyo ikikatika au bando likiisha inahamia nyingine. Hilo si dogo: kampuni moja ikiwa haina mnara bondeni, nyingine huenda ina. Lakini anayenunua akidhani atajumlisha megabiti za laini mbili amenunua kitu kingine.

Kinachozitofautisha ruta hizi na za nyumbani ni umeme. RUT241 inakubali volti 9 hadi 30, RUTX11 volti 9 hadi 50. Ile tunayoiita betri ya volti 12 haikai kwenye 12 hata kidogo. Ikichajiwa inapanda 14.4 na zaidi, ikiisha inashuka 11 na kitu, na kwenye motohomu yenye betri moja, ukipiga stata inaweza kudondoka chini ya 10 kwa sekunde chache. Ruta ya nyumbani iliyoandikwa "12V" peke yake inaweza kuvumilia hayo kwa miezi, halafu siku moja ikakataa. Anayetaka kuitumia aweke kigeuzi cha volti katikati, kinachotoa 12 tulivu hata betri ikipanda na kushuka.

Na tafadhali, usiwashe inveta kwa ajili ya ruta. Nilifanya hivyo msimu wangu wa kwanza: betri ya volti 12, inveta ikapandisha hadi 230, kisha chaja ya ruta ikashusha kurudi 12. Inveta peke yake, bila kufanya kazi yoyote, ilikuwa inakula zaidi ya ruta yenyewe. Asubuhi ya pili pampu ya maji ikakoroma tu.

Tuweke hesabu. Ruta ndogo niliyonayo nimeipima kwa mita: kama robo ampea kwenye volti 12, yaani wati 3. Saa 24 ni ampea-saa 6. Ruta kubwa ya wati 8 ni ampea-saa 16 kwa siku. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 usiyotaka kuishusha chini ya nusu inakupa 50 za kutumia, na humo kuna taa, pampu na friji pia. Paneli ya sola ya wastani hukidhi ruta yoyote kati ya hizo kukiwa na jua. Mvua ikinyesha siku tatu ndipo utakapoipenda ile ndogo.

Ruta hizi pia zina tabia ndogo ndogo zinazokusaidia ukiwa mbali na gari. Unaweza kuiagiza Teltonika ijiwashe upya kwa kuitumia ujumbe mfupi wa simu, au uipange ijizime na kujiwasha yenyewe ikiona intaneti haijibu. Kama una kamera au kengele ya wizi kwenye karavani iliyopaki, hilo peke yake linatosha kuichagua badala ya MiFi, kwa sababu MiFi ikizimika kwa kuisha chaji mara nyingi inasubiri mtu wa kuibonyeza.

Kuna wanaopendelea GL.iNet, ruta zinazotumia mfumo wa OpenWrt. Ni rafiki zaidi kwa mtu anayependa kuchokonoa mipangilio, na VPN, yaani njia ya siri ya kulinda mawasiliano yako, huwashwa kwa kubonyeza kitufe. Za kwao zenye 4G au 5G ni za bei ya kati na waifai yake ni nzuri. Ningechukua hizo kama ningekuwa nafanya kazi za ofisi kutoka barabarani. Kwa kifaa cha kufunga kabatini na kukisahau miaka mitano, ningebaki na kile kiboksi cha chuma.

Waifai ya kambi

Kambi nyingi hutoa waifai, na ruta nyingi za kufungwa zinaweza kuidaka na kuigawa ndani ya gari kwa jina lako lile lile, bila kila mtu kuingiza nywila upya. MiFi nyingi haziwezi, au zinaweza kwa shida. Sioni kama ni sababu kubwa ya kuchagua. Jioni kambi ikijaa, waifai hiyo inagawanywa kwa watu mia wanaotazama mpira, na laini yako ya 4G inaishinda. Ni nzuri saa kumi na moja alfajiri, kwa kupakua masasisho ya programu.

Antena: pesa iende huku

Ningekuwa na bajeti ya vitu viwili, ruta bora na antena ya kawaida, au ruta ya kawaida na antena bora juu ya paa, ningechukua ya pili kila mara. Zile -112 za mezani kwangu zilirudi kuwa -97 siku nilipofunga antena ya paa, kwenye ruta ile ile, laini ile ile.

Kuna antena za kuba, zinazopokea kutoka pande zote, na za kuelekeza, ambazo lazima uzigeuze zitazame mnara. Ya kuelekeza inafika mbali zaidi, lakini kila unapohamia lazima upande, utafute mnara, uibane. Nimemwona jirani wa kambini akiizungusha nusu saa nzima huku mkewe akipaza sauti dirishani: "Bado! Rudisha kidogo! Umepita!" Kwa anayekaa mahali pamoja miezi, sawa. Kwa anayehama kila siku tatu, kuba.

4G hutumia antena mbili kwa pamoja ili kupitisha mikondo miwili ya data, ndiyo maana kuna matundu mawili. Ukiunganisha moja tu, ruta itafanya kazi lakini kwa kasi pungufu, na utailaumu kampuni ya simu bure. Ruta za 5G kama RUTX50 zina matundu manne ya simu, kwa hiyo kuba la paa litakuwa na nyaya nne, ukiongeza za waifai na GPS unapata mkia mnene wa kupitisha kwenye tundu moja. Angalia tundu la dari kabla ya kununua.

Kisha waya. Waya mwembamba wa RG58 wenye urefu wa mita 5 hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu kwenye masafa ya 1800 megahezi. Yaani unapanda paani, unatoboa, unaziba kwa silikoni, halafu waya unakula ulichokipata. Tumia waya wenye upotevu mdogo, na zaidi ya hapo ufupishe: funga ruta kwenye kabati lililo chini tu ya antena, hata kama ni mbali na televisheni. Waifai itatembea ndani ya gari bila shida, gari lenyewe lina urefu wa mita saba.

Na plagi. Kuna SMA na kuna RP-SMA, zinafanana kama mapacha. Kwenye ruta nyingi za aina hii SMA ni za simu na RP-SMA ni za waifai. Ukikosea, skrubu inaingia vizuri na kukaza vizuri, lakini ndani hakuna sindano inayogusa, au kuna sindano mbili zinazosukumana. Angalia katikati ya plagi kabla ya kuikaza: upande mmoja lazima uwe na sindano, mwingine tundu.

5G au bado 4G?

5G yenye kasi ya kujivunia mara nyingi iko kwenye masafa ya juu, karibu na megahezi 3500, na masafa ya juu hayaendi mbali wala hayapiti ukuta vizuri. Huko karavani zinakopendwa kupaki, ufukweni, mlimani, kando ya ziwa, unachokipata kwa kawaida ni 4G ya masafa ya chini, 700 au 800. Kama unapaki pembezoni mwa miji na unafanya kazi nzito za video, nunua 5G. La sivyo tofauti ya bei iende paani.

Masafa yana mtego mwingine. Ruta ya toleo la Marekani husikiliza bendi, yaani mafungu ya masafa yaliyopewa namba, kama 2, 4, 12, 13 na 66. Ya toleo la Ulaya husikiliza 3, 7 na 20. Modeli ni hiyo hiyo, jina kwenye boksi ni hilo hilo, herufi chache tu za mwisho ndizo zinabadilika. Anayenunua ya bei nafuu kutoka bara jingine anaweza kupata ruta nzima, mpya, isiyosikia mnara ulio mbele ya macho yake. Tafuta kwanza bendi za kampuni yako ya simu, kisha ulinganishe na karatasi ya ruta.

Setelaiti

Starlink Mini, sahani ndogo ya intaneti ya setelaiti iliyotoka 2024, imebadilisha mazungumzo haya. Sahani yake ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja, waifai iko ndani yake, na inakubali umeme wa moja kwa moja wa volti 12 hadi 48. Mnara hauhusiki tena. Lakini inakula wati 25 hadi 40. Ukiiwasha siku nzima kwa wati 30, hiyo ni ampea-saa 60, mara kumi ya ruta yangu ndogo. Betri ya asidi ya 100 haiwezi. Betri ya lithiamu yenye sola ya kutosha inaweza, au uiwashe saa tatu jioni kisha uizime.

Pia inataka anga tupu. Ukipaki chini ya mti kutafuta kivuli, wewe unapoa na sahani inakuwa kipofu. Ukipaki juani, sahani inafurahi na wewe unaungua. Waya mrefu hupunguza ugomvi huo, lakini sahani ikikaa nje usiku inabidi uifikirie.

Kwa anayeishi barabarani na kupata riziki yake kwa intaneti, jibu langu ni vyote viwili: ruta ya volti 12 yenye laini, na sahani imechomekwa kwenye tundu lake la waya, ruta ichague yenyewe. Kwa mwingine yeyote, kulipia setelaiti kila mwezi ili kutumia mara sita kwa mwaka ni kuifadhili kampuni.

Ningefanyaje leo

Kwa wenzangu wa wikendi nimeshasema. Kwa anayekaa nje wiki kadhaa mfululizo ningechagua RUT241 na kuba la antena mbili, na RUTX11 kama ndani kuna watu zaidi ya watatu au kama anavuka maeneo ya kampuni tofauti za simu mara kwa mara. Laini iwe ya data, si ya simu, maana baadhi ya kampuni huikataa laini ya simu ikiwekwa kwenye ruta. Iondolee PIN laini hiyo ikiwa bado kwenye simu, kabla ya kuiweka kwenye ruta. Mtandao usipoingia, angalia APN kwanza, yaani jina la lango la intaneti la kampuni yako ya simu kwenye mipangilio ya ruta. Ndiyo huwa na kosa.

Na usitoboe paa wiki ya kwanza. Pitisha nyaya dirishani, weka antena juu ya paa kwa utepe imara, ulale nje siku tatu kwenye sehemu tatu tofauti. Kila mahali ingia kwenye ukurasa wa ruta, soma dBm antena ikiwa juu, kisha uishushe mezani usome tena. Andika namba zote mbili kwenye karatasi. Kama hazipishani hata desibeli sita, gari lako ni la faibaglasi au umebahatika, na unaweza kurudisha kuba dukani likiwa bado na boksi lake.